Jina la Kuzibia Nafasi

Jumatatu hiyo mkataba wa Masanja ulikutwa umekamilika kuliko ulivyoachwa Ijumaa, na hakuna aliyekiri kuugusa.

Wakili Gaudensia Masatu aliuona kabla hajaweka mkoba chini. Ulikuwa mkataba wa kupangisha uwanja wa kuanikia dagaa, karatasi chache tu, umelazwa juu ya printa. Masanja, mpangaji, alikuwa hajaleta jina la shahidi wake. Alisema shahidi yuko safarini, akirudi atakuja naye. Lakini kwenye nafasi ya shahidi palikuwa na jina, na chini ya jina palikuwa na saini. Kisyeri Mugeta, mwenyeji wa Butiama. Gaudensia aliipitishia kidole ile saini, kidole kikatoka na alama nyeusi. Akakinusa. Hakikunuka wino, kilinuka matope.

Jina lenyewe halikuwa geni pale ofisini, na hapa inabidi tumseme wakili kidogo. Ofisi yake ilikuwa ghorofani, mtaa wa Mukendo mjini Musoma, juu ya duka la mabati na misumari. Mwaka uliotangulia alinunua programu ya kompyuta ya kuandalia hati, akaisifia kwa mawakili wenzake mpaka wakamchoka. Programu ilikuwa nzuri kweli. Unachagua aina ya hati, inakuuliza maswali, unajaza majibu, yenyewe inapanga vifungu. Ila ilikuwa na ukaidi wa punda. Ukiacha nafasi moja tu wazi, inatoa maandishi mekundu kwamba nafasi haijajazwa, na haiendi mbele hata uibembeleze. Haikubali nukta wala vistari. Na wateja ndio hao tunaowajua: mmoja hakumbuki namba ya kiwanja, mwingine hajui jina la tatu la shemeji yake, na wote wanataka waione karatasi leo hii.

Basi Gaudensia akabuni dawa. Penye pengo waandike jina la mtu asiyekuwepo, programu inyamaze, hati itoke, halafu walifute jina hilo baadaye mwenye nafasi akipatikana. Ila jina lisiwe la kawaida, wasije wakalichanganya na la mteja. Alifikiri kidogo, akakumbuka moja ambalo hakuwahi kukutana nalo kwa mtu hai. Kisyeri Mugeta alikuwa mdogo wake babu mzaa mama, aliyezama kwenye kinamasi cha Mto Mara akiwa kijana, hajaoa, na maiti yake isionekane. Kwao Butiama mtoto hupewa jina la marehemu wa ukoo, vizazi na vizazi, lakini la Kisyeri walilipita kila lilipofikiwa. Nani ampe mwanawe jina la mtu asiye na kaburi? Bibi yake alipolisikia linatajwa aligeuza mazungumzo. Gaudensia alilipenda kwa sababu hiyo hiyo. Aliliona halina mwenyewe.

Karani wake, Robi, mama mtu mzima mwenye watoto wa sekondari, aliuliza siku ya kwanza kama hilo ni jina la mtu. Wakili akamjibu ni la kuzibia nafasi tu, asilete mambo ya kijijini ofisini. Robi akaandika alivyoagizwa. Akaandika leo, akaandika kesho, mpaka vidole vikalizoea.

Kwa hiyo Jumatatu hiyo Gaudensia hakuwaza majini. Alimwaza Robi. Alikuwa mtu wa kushuku tangu utotoni. Daktari akimshauri ale matunda, yeye atataka kujua daktari ana shamba la nini. Na sasa alikuwa na la kulinda. Alikuwa mjamzito, tumbo limeshatangulia mbele, baada ya mimba mbili zilizotoka bila sababu iliyoelezeka. Alimtaka mtoto huyu kuliko alivyowahi kutaka chochote, na hofu hiyo ilimfanya amtazame kila mtu kama mwizi.

Alimwita Robi, akamwonyesha saini. Robi aliitazama kwa mbali, hakuigusa. Alisema yeye alifunga ofisi Ijumaa jioni na nafasi ile haikuwa na saini yoyote. Wakili akamwambia kwamba kughushi saini ni kifungo. Robi akaenda kufungua dirisha, kwa sababu chumba kilikuwa kimeanza kunuka nyasi zilizooza majini.

Siku chache baadaye likatokea tena kwenye kiapo cha mkulima mmoja wa pamba. Nafasi ya mdhamini ilikuwa imeachwa na jina la kuzibia, kama kawaida yao, lakini pale palipokuwa pakisomeka mwenyeji wa Butiama sasa pakasomeka mwenyeji wa Bunda. Saini ilikuwepo, mbichi. Gaudensia akabadilisha neno la siri la kompyuta, asimwambie mtu. Wiki iliyofuata jina likaibuka kwenye hati ya mauzo ya ng'ombe: Kisyeri Mugeta, mwenyeji wa Mukendo.

"Mama, huyu mtu anatembea," Robi alisema taratibu, kama anayeogopa kusikiwa na chumba cha pili. "Alikuwaga Butiama. Akaenda Bunda. Sasa yuko hapa."

"Anayetembea ni wewe, dada Robi. Nani anakutuma?"

"Hakuna anayenituma."

"Nipe funguo."

Robi alizitoa kwenye pochi, akaziweka mezani. Hakulia wala hakubishana. Alisema tu kwamba kwao hawachezeagi majina ya wafu, na kwamba angeomba wakili asikae peke yake mle ndani. Gaudensia alichukulia hilo kuwa kitisho, akampa barua ya kumwachisha kazi siku hiyo hiyo.

Kwa siku mbili ofisi ikawa na amani, na wakili akajipongeza. Siku ya tatu, saa za mchana, mvua ikashuka Musoma yote, mvua ya kupiga mabati ya dukani chini mpaka usisikie unachowaza, na umeme ukakatika. Gaudensia alikuwa mezani kwake anakunywa uji. Mvua ilipopungua kidogo alisikia vibonye vya kompyuta vinabonyezwa kwenye chumba cha Robi. Vilibonyezwa polepole, kimoja kimoja, kama mtu asiyejua kuandika anayetafuta herufi.

Aliita nani yuko huko. Vibonye vikatulia, halafu vikaendelea. Alijua mlango wa nje ameufunga mwenyewe na funguo zote anazo, alijua pia kwamba umeme haupo na kompyuta ile haina betri, na pamoja na kuyajua hayo yote miguu yake ilinyanyuka ikampeleka, mkono mmoja ukutani na mwingine chini ya tumbo, mpaka kwenye kizingiti, ambapo harufu ya kinamasi ilimpiga puani, na akaona kiti cha Robi kimevutwa nyuma kama kinavyovutwa mtu anapokaa, hakuna aliyekalia, na vibonye vinazama na kuinuka vyenyewe, kila kimoja kikibaki na tone la maji meusi juu yake.

Umeme ukarudi. Kioo cha kompyuta kikawaka, na hati ikawa wazi juu yake. Kilikuwa kiapo cha kuthibitisha kuzaliwa.

Jina: Kisyeri Mugeta. Umri: bado. Makazi: Kigera. Jina la mama: Gaudensia Masatu.

Nyumba ya Gaudensia ilikuwa Kigera. Chini ya jina lake palikuwa na nafasi moja ambayo haijajazwa, jina la baba, na programu ilikuwa imetoa maandishi yake mekundu ikikataa kwenda mbele. Kibonye kikazama. Ikatokea Y. Kikazama kingine, ikatokea a. Ikafuata k, na tumboni mtoto akageuka kwa nguvu, mgeuko wa mtu aliyeshtuliwa usingizini. Gaudensia alijitupa sakafuni, akaushika waya, akauchomoa ukutani.

Alishuka ngazi bila viatu, mpaka kwenye duka la mabati, akaomba kiti. Walidhani uchungu umemshika. Hapo alipata nguvu ya kumpigia mume wake, Yakobo Maige, fundi mitambo kwenye kiwanda kimoja cha kuchambua pamba Bunda, aliyekuwa akirudi nyumbani mwisho wa wiki. Na mnaomfahamu wakili wetu hamtashangaa kwamba hakuanza kwa kuomba msaada, alianza kwa kumshtaki. Yakobo alilijua jina hilo, mkewe mwenyewe ndiye aliyemwambia. Yakobo alikuwa na mazoea ya kupita ofisini. Gaudensia alimuuliza anataka nini kwake, na kama ni ndugu zake waliomshauri amtie wazimu ili mtoto apewe jina la kwao. Yakobo alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mke wangu, mimi sijafika ofisini kwako tangu Pasaka," alisema. "Lakini kuna ndugu yako alikuja hapa kwangu. Nikasahau kukwambia."

"Ndugu yangu gani?"

"Kijana. Alisema ni wa kwenu Butiama. Miguu ina matope mpaka magotini, na huku kulikuwa kukavu. Nikamkaribisha, akakataa kukaa. Akasema yeye kila akikaribishwa kiti huwa anaondolewa."

"Alitaka nini?"

"Aliuliza utajifungua lini. Nikamwambia."

Jioni ile ile Gaudensia alikwenda kwa Robi. Alimkuta anapepeta mchele uani, na hakujua aanzie wapi, kwa hiyo akasema tu kwamba amekosea na anaogopa. Robi alimtazama tumbo, akaacha ungo. Hakumdai neno zaidi. Kesho yake asubuhi walikuwa Mugango, kwa mwanamke anayeitwa Matrida.

Kama ulitegemea mganga mwenye vibuyu na kaniki, Matrida angekuvunja moyo. Alikuwa mjane wa kanisani, Jumapili anaimba kwaya, siku za kazi anaanika dagaa, na ya pepo aliyafanya kwa sababu aliyarithi kwa mama yake na hakupata wa kumwachia. Walimkuta ameinama juu ya dagaa wake, na hakuacha kuwageuza wakati Gaudensia anasimulia. Aliuliza swali moja: jina wameliandika mara ngapi? Robi akajibu kwamba hazihesabiki.

"Basi mmemwita mara zisizohesabika," Matrida alisema. "Mnampa kiti, anakuja kutoka huko kwenye tope. Akifika, mnamfuta. Kesho mnamwita tena. Wewe ungefanyiwa hivyo ungekuwa unafurahiaga?"

Gaudensia alisema hakujua, kwamba lilikuwa jina tu. Matrida alimjibu kwamba ukoo mzima ulijua ndiyo maana ukaliruka, na msomi ndiye akaenda kuliokota. Kisha akaeleza, bila kupaza sauti. Marehemu asiyezikwa wala kurithiwa jina anakaa na njaa. Njaa ikizidi, jini la kwenye maji linamwingia, linavaa jina lake, na kuanzia hapo huwezi kujua unaongea na nani. Anachotaka ni kiti ambacho hataondolewa. Kwenye karatasi ameondolewa, kwa hiyo ametafuta kwenye mwili.

"Ile hati ya kuzaliwa, jina la baba lilimalizika?"

"Herufi tatu."

Kwa mara ya kwanza Matrida aliacha dagaa. Alisema kumbe ule mtambo umefanya jambo moja la maana, umekataa kwenda mbele mpaka nafasi ijazwe. Kama baba angeandikwa, wangekuwa wanaongea mengine.

Alikuja Mukendo mchana, amevaa sare yake ya kwaya, ameshika chungu kidogo cha udongo. Gaudensia na Robi walifungua kila hati iliyowahi kuandikwa kwa programu ile. Penye jina la Kisyeri waliweka jina la mwenye nafasi, na kama hajulikani waliifuta hati nzima, potelea mbali, mteja ataandikiwa upya. Kwa kila jina lililoondolewa Matrida aliinamia chungu akasema, pole pole kama anayembembeleza mgonjwa, hapa si pako baba, pako nakuonyesha. Ilikuwa kazi ya kutwa. Kadiri walivyoendelea maji meusi yalianza kutiririka kutoka chini ya meza ya Robi, yakakusanyika sakafuni, na Matrida aliyazoa kwa kiganja akayatia chunguni bila kuonyesha kinyaa. Ya mwisho ilikuwa hati ya kuzaliwa. Robi alipoifuta, mlango wa nje uligongwa mara moja, kwa adabu, na hakuna aliyefungua.

Chungu kilizikwa Butiama, kwa wajomba zake Gaudensia, mahali ambapo kijana yule angelala kama maji yasingemchukua. Wajomba walinung'unika, lakini walichimba. Katekista akasoma sala, wanawake wakalia kilio kilichocheleweshwa miaka mingi, na Gaudensia akajikuta analia nao kwa huruma ya kweli. Wakati wa kuagana Matrida alimvuta pembeni.

"Kwenye karatasi nimemtoa," alimnong'oneza. "Kwako hajaingia, kwa hiyo hakuna nilichotoa. Mtoto akizaliwa mtataja majina, najua. Yataje yote. Hilo moja usilitaje. Akiitwa na mama yake, mimi huko sifiki."

Yakobo alikuwa amesimama karibu. Alisikia, na wote wawili waliapa.

Robi alirudishwa kazini kwa heshima zake, na ofisi ikawa na sheria mpya: hakuna hati inayoanzwa mpaka mteja alete kila kitu, majina yote matatu, namba ya kiwanja, shahidi na mwenyeji wa wapi. Mwenye pengo anarudishwa nyumbani akaulize. Wateja walilalamika sana mwanzoni. Maandishi mekundu hayakuonekana tena, na harufu ilikwisha kabisa. Gaudensia alijifungua salama, mtoto wa kiume, mwenye nywele nyingi na mapafu yenye afya.

Mapafu hayo ndiyo yaliyoleta kazi. Mtoto alianza kulia siku walipofika nyumbani Kigera, na hakuacha. Alilia akinyonya, alilia akioga, alilala kwa kuzimia na kuamka analia. Zahanati hawakuona ugonjwa. Mama mkwe alipofika kutoka Bunda alisema hili linajulikana: mtoto anatafuta jina lake. Huwa wanamtajia majina ya wafu wa ukoo, moja moja, na wakifikia la kwake ananyamaza. Wakaanza. Wakataja la baba yake Yakobo, Maige. Wakataja ya ndugu za Maige, wakahamia upande wa mama, wakarudi nyuma mpaka kwa watu ambao hakuna aliyekumbuka sura zao. Mtoto alilia juu ya majina yote. Mama mkwe akauliza kama upande wa Butiama wamebakiza mtu. Gaudensia na Yakobo walitazamana, kisha wakasema hapana, kwa pamoja mno.

Mama mkwe akaondoka bila furaha. Wale wawili wakabaki na kilio, na kila mmoja akawa anamchunga mwenzake. Gaudensia alikuwa akimvizia Yakobo akimbeba mtoto, amtazame midomo. Yakobo naye, aliyekuwa mpole siku zote, alianza kusimama nyuma ya pazia mke wake akinyonyesha. Kuchoka kunamfanya mtu aseme lolote, na kila mmoja alijua jina lile limemfikia ulimini mara ngapi.

Alasiri moja Gaudensia alimwacha mtoto na baba yake chumbani, akaenda bombani nyuma ya nyumba kusuuza nepi. Kilio kilimfuata huko, kikapanda, kikashuka. Halafu kikakatika katikati.

Alisimama na nepi mkononi, akasubiri kianze tena. Hakikuanza. Akakimbia, akazunguka nyumba, akapitia jikoni, akaingia chumbani anahema. Mtoto alikuwa amelala chali kitandani, macho wazi, ametulia. Yakobo alikuwa amekaa pembeni yake, ameinamisha kichwa, anafuta machozi kwa mgongo wa mkono.

"Gaudensia," alisema bila kumtazama. "Si tulikubaliana hilo hutalitaja?"

"Sijataja kitu."

"Usinidanganye, nimekusikia. Umesimama hapo mlangoni sasa hivi, ukamwita. Mara moja tu, akanyamaza."

"Yakobo, nilikuwa bombani."

Ndipo Yakobo alipoinua uso, akaona mikono ya mke wake inavyochuruzika maji na povu mpaka kwenye viwiko. Gaudensia alipiga magoti kando ya kitanda, akamwinamia mwanawe, akamwita Maige, jina la babu yake, taratibu. Akamwita tena kwa nguvu zaidi, halafu tena, sauti ikikatika kwa kilio. Mtoto hakugeuka. Alikuwa anatazama mlangoni, anasikiliza.